Januari Mlimani Bear

Mlima Bear hautishi mtu kwa kimo. Kilele chake hakifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari, na aliyezoea kuitazama milima ya Usambara akiwa Mombo anaweza kuuita kilima asiwe amekosea. Lakini unaanzia chini kabisa, kwenye ukingo wa mto Hudson, mahali ambapo maji ya mto bado yanapanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Kwa hiyo kila mita inayotajwa kwenye ramani inabidi uipande kwa miguu yako mwenyewe. Mlima uko jimbo la New York, kaskazini ya jiji lenyewe, mwendo wa gari wa saa moja na ushee ikiwa foleni haijakukamata.

Nilikwenda Januari, na karibu kila niliyemwambia alinionea huruma. Kwa nini usingoje Oktoba, majani yanapogeuka mekundu na watu kufurika hadi magari yanakosa pa kuegeshwa? Au Mei, miti inapochipua? Aliyeniona nina akili ni shemeji peke yake, yaani mume wa mdogo wangu. Amezaliwa Lushoto, amekulia kwenye ukungu na miteremko, na ameishi Marekani muda wa kutosha kuwa na msimamo wake kuhusu misitu ya huko.

"Majira ya joto msitu ule ni ukuta wa majani," aliniambia. "Unatembea kutwa nzima, huoni zaidi ya hatua ishirini mbele. Twende baridi ikiwa kali, shemeji. Ndipo utajua nani aliishi humo."

Usiku wa kuamkia safari akanikagua begi. Suruali ya jinzi ilikataliwa. Fulana ya pamba nayo ikakataliwa, kwa sababu pamba ikishalowa jasho haikauki, na ukisimama kupumzika inakunyonya joto lote la mwili. Nikapewa fulana nyembamba ya sufu ya kugusa ngozi, sweta, jaketi la kuzuia upepo, mzula wa kufunika masikio, na glavu jozi mbili, moja ya akiba. Halafu njumu. Si hizi za uwanjani: hizi ni minyororo yenye meno ya chuma, imefungwa kwenye utepe wa mpira unaovutika, nawe unaivalisha juu ya kiatu chako cha kawaida. Chupa za maji zikapakiwa kichwa chini. Maji huanza kuganda upande wa juu, kwa hiyo chupa ikilala kifudifudi barafu itashika kitako na mdomo utabaki wazi. Chai ya tangawizi kwenye themosi, chapati ndani ya foili, na tochi ya kichwani hata kama unaapa kwamba utarudi mchana.

"Jua linazama kabla ya saa kumi na moja," shemeji alisema, "na huku likitaka kuzama halikuagi."

Tulifika saa mbili asubuhi. Baridi ilikuwa nyuzi saba chini ya sifuri, upepo hakuna, na theluji ya juma lililopita ilikuwa imekanyagwa ikashindiliwa mpaka inalia chini ya viatu. Ziwa Hessian lililo mguuni pa mlima lilikuwa limeganda kote. Ziwa hilo lina jina la askari wa kukodi kutoka Ujerumani waliowapigania Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, na wenyeji husimulia kwamba baada ya mapigano ya tarehe 6 Oktoba 1777 maiti zilitupwa humo. Masimulizi ya namna hiyo huongezwa chumvi kila kizazi, ila mapigano yenyewe yalitokea kweli, na njia waliyopita askari wale tungekutana nayo mchana.

Uwanja wote ule wa chini, wenye hoteli ya mawe na magogo iliyofunguliwa mwaka 1915, ulikuwa uwe gereza. Watu wengi wanaokuja kupiga picha hapo hawalijui hilo. Jimbo la New York lilitaka kuhamishia hapo gereza la Sing Sing, na mwaka 1909 wafungwa walikwisha kuletwa kufyeka na kusafisha eneo. Mwaka uliofuata Mary Averell Harriman, mjane wa tajiri mkubwa wa reli, akalipa jimbo ekari 10,000 za ardhi na dola milioni moja, kwa sharti moja kubwa: gereza lisijengwe Mlima Bear. Serikali ikachukua ardhi na fedha, Sing Sing ikabaki ilipokuwa, na hapo ikazaliwa hifadhi. Kwa hiyo msitu huu uliponea kwenye hati za ardhi na hundi ya benki. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na pori, na kabla sijapiga hatua ya kwanza nimeshapewa habari za wanasheria.

Njia tuliyoifuata nayo si ya kupuuza. Oktoba 1921 Benton MacKaye, bwana misitu aliyekuwa pia na mawazo mengi kuhusu mipango ya miji, aliandika makala katika jarida la wasanifu majengo akipendekeza njia moja ya miguu ipite juu ya safu nzima ya milima ya Appalachia. Sehemu ya kwanza kabisa ya njia hiyo ilifunguliwa hapahapa, tarehe 7 Oktoba 1923, kutoka Mlima Bear hadi Arden. Njia nzima ilikamilika mwaka 1937. Leo ina urefu wa kilomita zipatazo 3,500, inapita katika majimbo 14 kutoka Georgia hadi Maine, na kila mwaka wapo wanaoitembea yote mfululizo kwa miezi mitano au sita. Inaongozwa na alama nyeupe zilizopakwa kwenye magome ya miti, mstatili wa sentimita 5 kwa 15. Alama mbili zikikaa moja juu ya nyingine, ujue njia inapinda, angalia vizuri.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mahali pa chini kuliko pote katika njia hiyo ndefu ni hapo hapo chini ya mlima, ndani ya bustani ndogo ya wanyama. Ndiyo, njia inapita katikati ya bustani ya wanyama. Ukitaka kumwona dubu wa Mlima Bear bila mashaka, yuko mle, nyuma ya uzio. Wale wa porini Januari wamejificha kwenye mashimo yao, na majike huzaa watoto humo humo wakiwa wamelala. Nyoka wa mawe, yule mwenye njuga mkiani, naye yuko chini ya ardhi na wenzake. Kwangu mimi mtu wa pwani, ambaye kila nikiingia kwenye majani marefu jicho linatafuta nyoka kwanza, hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuusifu mwezi huu.

Tukaanza kupanda. Upande wa mashariki mlima umetengenezewa ngazi za mawe, mamia kwa mamia, zilizochongwa kwa mkono kutoka kwenye graniti ya mlima wenyewe. Wakimbizi wa joto la jiji walikuwa wameikanyaga njia ya zamani mpaka ikawa korongo, maji ya mvua yakimaliza kilichobaki. Ndipo chama cha wenye njia cha New York na New Jersey, kilichoanzishwa mwaka 1920, kikakusanya watu wa kujitolea. Mawe mengine yana uzito wa kilo mia kadhaa. Waliyavuta kwa nyaya za chuma zilizofungwa toka mti hadi mti, wakayapachika moja baada ya jingine, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2010. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa watu wa kujitolea: hii ya kuchonga mawe waliifanya bila malipo. Nimeona miradi yenye wafadhili na magari ya bei kubwa ikishindwa kuchimba mtaro wa mita hamsini. Nikazipanda zile ngazi kwa adabu.

Adabu ilikuwa ya lazima kwa sababu nyingine pia. Kila palipovuja maji kwenye mwamba palikuwa pameota barafu ya rangi ya samawati, nene, imening'inia kwenye ukingo wa jiwe au imetandaa juu ya ngazi. Njumu zikaingia kazini. Mlio wake kwenye mwamba mtupu unakereketa meno, lakini zikishika barafu unahisi umeota kucha. Shemeji akanifundisha kukanyaga kwa unyayo mzima, si kwa ncha, na kutoharakisha. Kutoharakisha kuna faida mbili. Katika baridi ile adui si hewa ya nje, ni jasho lako. Ukipanda mbio utaloa, na ukisimama dakika tano kule juu lile jasho litageuka maji ya baridi mgongoni. Kwa hiyo tulivua majaketi tungali tunaona baridi, tukatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni hana haraka, na tuliposimama tu tukayavaa tena kabla ya kuombwa na mwili.

"Shemeji, mbona kimya? Pumzi imekwisha?"

"Nafikiri."

"Watu wa Tanga mkiona mlima ndiyo mnaanza kufikiri."

Nilimwacha aseme. Utani wa Msambaa kwa mtu wa pwani una haki zake, hasa akiwa mlimani na wewe umemwoza mdogo wako.

Karibu na katikati ya mpando kuna jabali lililojitokeza nje, na hapo tukasimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Chini yetu mto wote ulikuwa wazi. Daraja la Mlima Bear lilikuwa kushoto, lile la kuning'inia kwa nyaya ambalo lilipofunguliwa mwaka 1924 lilikuwa na mwanya mrefu kuliko daraja lolote la aina yake duniani, mita 497, likashikilia sifa hiyo kwa muda usiofika miaka miwili. Ng'ambo kulikuwa na mwamba wa Anthony's Nose. Kusini kisiwa cha Iona, ambacho majira ya baridi watu hawaruhusiwi kukikanyaga kwa sababu tai wenye vichwa vyeupe huja kupitisha baridi huko, wakivua samaki kwenye maji ambayo hayajaganda. Tuliwaona wawili kwenye darubini ya shemeji, wamekaa juu ya bamba la barafu katikati ya mto, wakisafiri nalo.

Ila kilichonishika ni mwelekeo wa safari yao. Bamba lilikuwa linapanda mto. Yote yalikuwa yanapanda: mabamba ya barafu makubwa kama sebule, yakigongana na kusagana, yanatoka upande wa bahari kwenda upande wa milima. Nilidhani macho yananidanganya, kisha nikakumbuka. Maji yalikuwa yanajaa. Bahari ya Atlantiki inausukuma mto huu nyuma hadi Troy, kilomita zipatazo 240 kutoka mlangoni mwake, mara mbili kila siku na usiku wake, theluji iwepo isiwepo. Nimekulia mahali ambapo mtu hapangi safari ya ngalawa bila kujua maji yako wapi, na hapo juu ya jabali, vidole vikiwa havina hisia, nilipata kitu cha kumweleza Msambaa ambacho hakukijua. Nilikieleza kwa kirefu. Ngazi zile zilikuwa zimenidai heshima yangu, nami nikaichukua.

Kileleni kuna mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1934 kumkumbuka George W. Perkins, rais wa kwanza wa tume iliyosimamia hifadhi hizi. Barabara ya gari inafika hadi pale, na majira ya joto watu hupanda wakiwa na viyoyozi, wakapiga picha, wakashuka. Majira ya baridi inafungwa. Mnara nao ulikuwa umefungwa, uwanja wa kuegesha ulikuwa mweupe bila alama ya tairi, na juu yake zilipita nyayo za kulungu peke yake, zimevuka kwa pembe kama mtu aliyekuwa na haraka ya njia ya mkato. Mbali sana kusini, kama kilomita 60, majengo ya Manhattan yalionekana kama meno madogo ya kijivu. Tulikula chapati tukiwa tumesimama. Chapati ikishapoa kwenye nyuzi zile inakuwa kitu kingine kabisa, inabidi uiweke ndani ya jaketi kwanza. Simu yangu, iliyokuwa na chaji ya kutosha asubuhi, ikazima, betri haiipendi baridi, na sikuijutia.

Kushuka upande wa magharibi ndiko alikotaka kunipeleka tangu mwanzo. Mteremko huo hauna wageni wengi. Msitu ulisimama wazi pande zote, mialoni na miti mingine ya mbao ngumu, vigogo vyeusi juu ya ardhi nyeupe, na kila mkunjo wa kilima ukionekana kuanzia mzizi wake hadi mgongo wake. Miti michache tu ilikuwa bado imeng'ang'ania majani, makavu, ya rangi ya karatasi ya kaki, yakichakarika kila kiupepo kikipita. Nikamwambia shemeji kwamba nilitarajia miti mikubwa zaidi. Msitu wa Magamba, kule kwao, una miti ambayo watu wanne hawaukumbatii mmoja. Hapa vigogo vingi ningevishika peke yangu.

"Si mkongwe," akasema. "Subiri."

Aliacha njia kidogo, akashuka hatua chache hadi mahali palipokuwa tambarare isivyo kawaida katikati ya mteremko, duara lenye upana wa vyumba viwili au vitatu. Akapangua theluji kwa kiatu, akachimbua udongo wa juu kwa ncha ya fimbo. Ulikuwa mweusi, na ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya mkaa, vikavu, vinavyopaka vidole.

"Tanuri," nikasema. Hakuna mtu wa Tanga asiyelijua tanuri la mkaa akilikanyaga.

Vilima hivi vina chuma. Kuanzia karne ya 18 watu walichimba mawe ya chuma humu na kuyayeyusha kwenye matanuru makubwa ya mawe, na matanuru yale yalikula mkaa. Miti ilikatwa yote, ikapangwa, ikafunikwa udongo, ikachomwa polepole kwa siku nyingi na watu waliolala pembeni kuulinda moto usifumuke. Miti ikaota upya, ikakatwa tena. Picha za zamani za nchi hii ya vilima zinaonyesha migongo mitupu. Biashara ilipokufa, baada ya makaa ya mawe na migodi mikubwa ya magharibi kuifilisi, ndipo msitu ulipoanza kurudi. Hata huo uliorudi haukuwa ule ule. Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya Bronx, uligunduliwa ugonjwa wa kuvu uliokuja na miti kutoka Asia, na katika miongo michache ukaua karibu kila mchesnati uliokuwa umekomaa mashariki mwa Marekani, mabilioni ya miti. Mizizi yake mingine bado iko hai. Inatoa machipukizi, yanakua yanene kiasi cha mkono, kisha ugonjwa unayakuta na kuyaangusha, na mizizi inaanza upya. Shemeji alinionyesha kimoja njiani, kijiti tu, gome limepasuka pasuka.

Tangu hapo sikuweza tena kuuona msitu kwa jicho la asubuhi. Kila mstari ulionyooka ulinisimamisha. Ukuta wa mawe wa kimo cha goti unakata kilima, unapotea kwenye theluji, unatokea tena ng'ambo ya kijito: hakuna mtu anayejenga ukuta ndani ya msitu, ukuta huo ulikuwa mpaka wa shamba. Kichuguu cha mawe madogo kilikuwa mawe yaliyookotwa ili jembe lipite. Majani yangekuwepo nisingeona hata kimoja. Na kabla ya hawa wenye kuta walikuwepo Walenape, waliosema lugha ya Kimunsee. Hao hawakujenga kwa mawe, kwa hiyo hata Januari haikunionyesha chao.

Tulivuka barabara ya lami, tukaacha alama nyeupe na kufuata alama zenye tarakimu 1777. Hii ndiyo njia waliyopita askari wa Uingereza wa Sir Henry Clinton asubuhi ile ya tarehe 6 Oktoba. Walishuka kwenye merikebu kusini, wakapanda milima kwa kuzunguka, wakagawanyika mafungu mawili, na kabla ya usiku kuingia wakaziteka kwa nyuma ngome mbili zilizokuwa zikilinda mto, Montgomery na Clinton. Waliozilinda waliongozwa na ndugu wawili, George na James, nao pia wakiitwa Clinton, jambo linalomfanya msomaji wa vita hivyo arudie kila sentensi mara mbili. Mnyororo wa chuma uliotandazwa mtoni kuzuia meli ukakatwa. Ushindi mzuri, umechelewa: jeshi la Jenerali Burgoyne lililokuwa likisubiri msaada kaskazini lilisalimu amri Saratoga siku kumi na moja baadaye.

Sehemu waliyogawanyikia askari hao ni Doodletown, na hapo tulifika saa saba mchana.

Kwanza niliona barabara. Lami kabisa, imepasuka, magugu makavu yametokeza katikati, lakini upana wake ni wa gari. Kisha ngazi za mawe tano au sita, zimetengenezwa kwa ustadi, zinapanda kutoka kando ya barabara hadi mahali ambapo hakuna kitu. Kisha msingi wa nyumba. Kisha mwingine. Palikuwa kijiji. Familia zilianza kukaa humu katika karne ya 18, wengi wao wa ukoo mmoja wa June, wakalima, wakakata kuni, wakachimba chuma. Walikuwa na shule, makanisa, makaburi. Hifadhi ilipozaliwa ikawazunguka, na wengi wao wakaajiriwa nayo: walijenga barabara zake na kutunza njia zake. Hatimaye hifadhi ikawataka waondoke. Nyumba moja moja ilinunuliwa, wengine waliuza kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa na sheria, na katika miaka ya 1960 wa mwisho wakatoka. Majengo yakabomolewa ili msitu uwe msitu.

Mbele ya misingi mingi pamesimikwa vibao. Nyumba ya fulani. Shule. Vingine vina picha: nyumba ya mbao yenye kibaraza, watoto kwenye ngazi, gari la miaka ya 1940 limeegeshwa. Unatazama picha, unainua macho, unaona ngazi zilezile na juu yake mwaloni unene wa paja. Umri wa mti huo ni umri wa kuondoka kwao. Huku kwetu mahame hujulikana kwa mwembe: ukiukuta umesimama peke yake porini unajua palikuwa na mji wa mtu. Doodletown mwembe wake ni vichaka vya bustani, mimea ya maua iliyoletwa na wenye nyumba kupendezesha vibaraza, ambayo sasa imejiendea zake msituni bila wa kuipogoa. Makaburi yamebaki, yamezungushiwa ukuta, yametunzwa. Tulisimama hapo shemeji akavua mzula, nami nikavua, masikio yakalia kwa baridi.

Sijui nimlaumu nani, na sikutaka kujifanya najua. Bila hifadhi kungekuwa na gereza, au nyumba za matajiri hadi kileleni, na mimi nisingeruhusiwa hata kuegesha gari. Mamilioni ya watu wa jiji, wengi wao wasio na bustani wala kiwanja, wamepata mlima kwa sababu ya hundi ya mjane yule na ukali wa tume ile. Lakini nimetoka nchi ambayo watu wamehamishwa kupisha wanyama, Serengeti ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na kila nikisoma bango linalomwambia mgeni kwamba anaingia mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa, nauliza mkono huo ulikwenda wapi. Hapa angalau wameacha vibao. Hilo si malipo. Ni uungwana, nao si wa kubezwa.

Shemeji alikuwa na maoni makali kuliko yangu. Kwao Usambara wazee bado wanaonyeshana mipaka ya mashamba ambayo serikali ya Wajerumani iliyafanya misitu ya hifadhi. "Babu yangu," alisema, "angekuja hapa asingeangalia mti hata mmoja. Angehesabu misingi."

Chai ilikuwa bado ya moto. Tuliinywa tumekaa kwenye ngazi za nyumba isiyokuwepo, kisha tukaondoka maana vidole vya miguu vilianza kulalamika. Njia ya kurudi ilikuwa fupi na haina makuu: mtelemko, kijito chini ya barafu ambacho unakisikia hukioni, barabara ya lami tena, halafu kelele.

Kelele zilitoka kwenye uwanja wa kutelezea barafu ulio karibu na hoteli. Muziki ulikuwa juu, watoto wanaanguka na kuinuka, akina mama wanapiga picha kwa Kihispania, kijana mmoja anazunguka kwa kasi na kujionyesha mbele ya wasichana. Saa kumi ilikuwa haijafika. Shemeji alitaka tuvuke daraja kwa miguu kabla ya giza, kuvuka hakulipishwi, nikamwambia magoti yangu yamefunga ofisi. Akanunua viazi vya kukaanga vya moto, tukala kwa mkono mmoja glavu moja tukiwa tumeegemea uzio, huku akianza kunishawishi kuhusu Februari. Kuna mlima mwingine upande wa pili wa bonde, alisema, una machimbo ya chuma ambayo mdomo wake hauonekani kabisa mpaka majani yaanguke, na kama mdogo wangu akikubali kubaki na watoto Jumamosi moja zaidi, tunaweza kuondoka mapema kuliko leo.

"Mwombe wewe," nikasema. "Mimi mgeni."